Picha Isiyo na Mtu

Mwonyeshe mtu wa kwetu picha ya jiwe, uone. Kwanza ataikuza kwa vidole viwili, aizungushe, aipekue kona zote. Kisha atauliza, "Mtu yuko wapi?" Ukimjibu kwamba hapana mtu, ni jiwe tu, ataacha kuitazama picha na kuanza kukutazama wewe, na kuanzia hapo mazungumzo huwa juu ya afya yako. Jirani yetu mmoja hapa Malindi, mjini Unguja, mama mwenye huruma, alimwita mke wangu pembeni akamuuliza kama siku hizi napata usingizi.

Usingizi napata. Napenda tu mawe ya pwani yaliyoliwa. Wapo wenzangu wanaofuga njiwa, wapo wanaokosa chakula cha usiku kwa ajili ya timu za Uingereza zisizojua kama wao wapo duniani, na hakuna anayewaita wake zao pembeni. Mimi nikiona jabali lililotafunwa na bahari mpaka likabaki na shingo nyembamba na kichwa kikubwa, mkono unakwenda wenyewe kwenye mkoba wa kamera.

Na mawe ya namna hiyo Mungu katujaalia. Magharibi ya Unguja kuna udongo na mikarafuu. Mashariki na kusini ni maweni matupu, jiwe la matumbawe yaliyokuwa hai chini ya maji miaka ipatayo 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kwa mita kadhaa kuliko leo. Maji yaliposhuka, matumbawe yakaachwa nje, yakafa yamesimama. Tangu hapo bahari inayadai, na inaanzia chini. Ndiyo maana kule Mtende, karibu na Makunduchi, majabali yametokeza juu na kubonyea chini, ukisimama ufukweni unajikuta uko chini ya dari. Watamu, upande wa Kenya, viko hata visiwa vidogo vilivyobakishiwa mguu mmoja. Mkulima akipewa ardhi kama hiyo hulia. Mimi nilinunua kamera, ya mtumba, yenye kioo kizuri na betri isiyotaka kutegemewa.

Kabla sijaendelea, lazima nimweleze Shemeji. Ni mume wa dada yangu na ndiye msaidizi wangu wa kudumu. Hakuna aliyemteua. Dada alisema nisiwe naparamia majabali peke yangu, basi mumewe akawa anapanda nami gari ya Makunduchi, na nauli nalipa mimi. Kazi yake rasmi ni kushika mwavuli ili marasharasha ya bahari yasirukie kioo, maana chumvi ikikauka juu ya kioo kila picha inatoka na ukungu. Kazi yake halisi ni kutokea. Shemeji hutokea katika kila picha. Nikielekeza kamera kushoto, kiwiko kinaingia kutoka kushoto. Nikihamia kulia, naona ndevu.

"Sasa jiwe bila mtu, watu watajuaje ukubwa wake?" huniuliza.

Hoja ina uzito, lazima nikiri. Matundu ya jiwe la matumbawe yanadanganya: picha ya upana wa kiganja na picha ya upana wa nyumba zinaweza kufanana kabisa. Wanajiolojia huweka nyundo au sarafu kando ya jiwe ili mtazamaji apate kipimo. Nami nikaweka sarafu ya shilingi 500, upande wa nyati juu, katikati ya jabali, nikapiga picha ya kwanza. Nikapangusa kioo. Kabla ya picha ya pili nyati hayupo. Kando ya jiwe amesimama mtoto, ngumi imefumbwa.

"Nimeokota," akasema.

"Hiyo ni yangu, nimeiweka mimi."

"Umeiweka au umeitupa?"

"Nimeiweka. Naipiga picha."

Mtoto akalitafakari jambo hilo, mtu mzima anayepiga picha pesa zake mwenyewe, akaona halina mantiki. "Kuna nyingine?" akauliza.

Nikamgeukia Shemeji anisaidie. Shemeji akatoa hukumu pale pale, kwa sauti ya kadhi, kwamba kilichookotwa pwani ni cha mwokotaji. Kisha akasogea mbele ya jabali, akajiweka sawa ukosi, akasema, "Mimi hakuna atakayeniokota. Piga."

Nikapiga. Ilikuwa Ijumaa, Shemeji amevaa kanzu nyeupe, jua liko utosini. Kamera ikikutana na kanzu iliyofuliwa vizuri hudhani dunia nzima imejaa mwanga, basi ikapunguza, na jabali lililochongwa kwa maelfu ya miaka likatoka jeusi tii, halina tundu hata moja linaloonekana. Kanzu ilitoka vizuri sana. Unaweza kuhesabu nyuzi za tarizi.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, si Shemeji. Ni kwamba katika pwani yetu mwanga na maji havielewani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, na kwa mpangilio wa Unguja hukauka kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Saa nne asubuhi uwanja wote uko wazi, unatembea mpaka kwenye mizizi ya majabali, lakini jua limeshapanda, linapiga kutoka juu, kivuli kimejificha, na jiwe lenye matundu elfu linaonekana limepigwa lipu. Mwanga mzuri, ule wa pembeni unaoingia katika kila kitundu na kukitia wino, huja jioni. Jioni ya bamvua jabali lako liko ndani ya maji mpaka shingoni. Wiki inayofuata ni maji mafu. Hapo maji hutoka alasiri, sambamba na mwanga, nawe unafurahi, ila hayatoki kwa dhati. Hurudi nyuma hatua chache kwa heshima, yakasimama hapo kukutazama.

Basi mpiga picha hulazimika kuiba dakika, na bahari haikopeshi. Siku moja ya bamvua nilikuwa juu ya mwamba, nje kidogo, Shemeji kando yangu na mwavuli. Nilikuwa nimepata tundu lenye tundu ndani yake, na katika tundu la ndani kaa mdogo aliyekuwa akiingia na kutoka. Kaa akitoka, kamera inatafuta fokasi. Fokasi ikipatikana, kaa ameingia. Tukashindana hivyo. Nilipoinua kichwa, njia tuliyoijia ilikuwa bahari.

Wanawake watatu waliotoka kuchokoa pweza walikuwa wakipita, vikapu kichwani, maji mapajani, wanazungumza habari za arusi.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia aliyekuwa mbele.

"Marahaba. Mnangoja boti?"

"Hapana bibi. Tunapiga picha."

"Picha ya nani?"

"Ya jiwe."

Wakatazamana. Kuna aina ya kimya ambayo wanawake wa pwani huitumia badala ya kicheko, kwa sababu ya malezi. "Jiwe utalikuta hata kesho," akasema hatimaye. "Mwanangu, teremka."

Tukateremka. Bibi akauchukua mkoba wangu wa kamera bila kuniuliza, akauweka juu ya kikapu, akaendelea na habari za arusi, na mkoba haukupata hata tone. Shemeji alivuka na mwavuli ameufungua, sijui kwa sababu gani, maana maji yalikuwa yakitokea chini. Nikamshukuru bibi, nikataka kumpa chochote, akakataa. Alichotaka ni kuonyeshwa picha. Akaikuza kwa vidole viwili. Nadhani swali lake mnalijua.

Kamera ilinuka pweza kwa muda mrefu. Paka wa mtaani kwetu, ambao Malindi si wachache, walikuwa wakinisindikiza mpaka kwenye mlango wa ofisi.

Ukitumia kamera ya miguu mitatu, mambo huharibika zaidi. Kwa watu wa shamba, mtu mwenye miguu mitatu ni mpima ardhi, na mpima ardhi ufukweni maana yake hoteli inakuja. Sheha mmoja aliwahi kutujia kwa adabu zote, akatusalimu, akauliza habari za mjini, akauliza habari za nyumbani, akazunguka kweli kweli, mwisho ndipo akauliza: "Sasa mnapima au mnachimba?" Nilipomwambia hatufanyi lolote kati ya hayo, ndipo alipoingiwa na wasiwasi kweli.

Wapo pia wanaojua kwamba mawe mengine yana wenyewe. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu chini ya mnazi, aliniona naelekea kwenye jabali lenye pango. Nje ya pango pamefungwa kitambaa chekundu kilichochujuka, na ndani pana vigae vya chetezo. "Pale pana wenyewe," akaniambia. "Ukifika, piga hodi." Mimi ni mtu wa mjini, nimesoma soma kidogo, lakini sibishani na mzee juu ya bahari yake. Nikafika, nikasimama, nikasema, "Hodi."

Kimya.

"Hodi wenyewe," nikaongeza, kwa heshima zaidi.

Ikatoka sauti nzito ndani ya jabali: "Subirini kidogo!"

Nilipogeuka, Shemeji alishafika kwenye minazi. Mwavuli aliuacha. Mimi sikukimbia, si kwa ushujaa, miguu tu haikupokea taarifa. Baada ya muda akatoka kijana na ndoo, anakaza kamba ya bukta, akanisalimu vizuri na kuniambia, "Karibuni sasa." Hakuna haja ya kueleza alikuwa akifanya nini mle ndani, ufukwe ule ni mrefu na vyoo hauna. Nikaamua jabali lile linapendeza zaidi likipigwa picha kwa mbali.

Nyumbani nako si salama. Nilipata picha moja ambayo hadi leo naiona ndiyo bora kuliko zote: jiwe kwa karibu sana, mwanga wa pembeni, mipasuko inakimbizana, kila ufa una kivuli chake. Nikaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp bila maelezo, nikiamini kazi nzuri hujieleza yenyewe. Wa kwanza kujibu alikuwa shangazi yangu wa Wete, kwa ujumbe wa sauti. "Mwanangu, pole sana. Magaga umeyaacha mpaka yakafika huku? Roweka miguu kwenye maji ya vuguvugu, sugua, paka mafuta ya nazi, ulale na soksi." Amu akaingia: hayo si magaga, hiyo ni fangasi, alipata kuiona kwa marehemu fulani. Neno "marehemu" likawashtua wengine, zikaanza kumiminika dua. Binamu aliyeko Muscat akatuma picha ya krimu na bei yake kwa riali za Oman.

Nikaandika: "Jamani, hilo ni jiwe."

"Najua yamekuwa jiwe," akajibu Shangazi, "ndiyo maana nakwambia uroweke."

Wiki hiyo boti ya Pemba ilileta chupa ya mafuta ya nazi yenye jina langu.

Mtu atauliza, ni nini hasa kinachonivuta. Nilipoanza nilidhani ni mawimbi tu yanayokula mawe. Mawimbi yana sehemu yake, na maji ya mvua yana sehemu yake, kwani jiwe la matumbawe ni chokaa na maji ya mvua yana ukali kidogo wa kuiyeyusha. Chumvi nayo hukaukia ndani ya vitundu, ikavimba na kubandua jiwe kidogo kidogo, kazi ileile inayofanya kwenye ukuta wa chumba changu, uliojengwa kwa jiwe hilohilo. Lakini wapo pia wafanyakazi walio hai: konokono wa bahari, kome wanaojichimbia mashimo ya kukaa, na kiumbe mmoja bapa mwenye magamba 8 mgongoni, aliyejibana kwenye mwamba ukadhani ni sehemu ya mwamba. Huyo ndiye nimempenda. Anakwangua mwani mwembamba ulioota juu ya jiwe, na meno yake yana madini ya chuma, yale yanayovutwa na sumaku. Hawezi kukwangua mwani bila kukwangua na jiwe, basi hula vyote viwili, na jiwe hulitoa kwa njia ambayo kila mla kitu hutoa. (Samaki pono hufanya vivyo hivyo na matumbawe yaliyo majini, na mchanga mwingi mweupe ambao maharusi wetu hulalia kupiga picha umetoka kwake. Sijawahi kumwambia bibi arusi yeyote.)

Aldabra, kule Ushelisheli, watafiti walipima kasi ya kuliwa kwa majabali kama haya, sehemu ile maji yanapopanda na kushuka, wakakuta ni takribani milimita 1 kwa mwaka. Nikalipigia hesabu msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 1107 kwenye mihirabu. Kwa kasi hiyo, tangu fundi alipochonga maandishi yale mpaka leo, jabali la jirani limebonyea kiasi cha mita moja kasoro. Hesabu hiyo ilinitoa jasho la furaha, nikamsomea Shemeji.

Shemeji alisimamia mafundi wa nyumba yake kwa miaka, na ana makovu moyoni. "Miaka 900 hata mita hajamaliza?" akasema. "Huyo analipwa kwa siku, halipwi kwa kazi."

Nikaona nimletee ushahidi kwamba siko peke yangu ulimwenguni. Nikamweleza habari za Edward Weston, Mmarekani aliyepiga picha mawe yaliyoliwa na bahari kule Point Lobos, California, kuanzia miaka ya karibu na 1930, na picha zake leo zimo katika majumba ya makumbusho. Shemeji akauliza mwavuli alikuwa akishikiwa na nani. Nikamweleza habari za Mi Fu, msanii na ofisa wa China wa karne ya 11, anayesimuliwa kwamba alifika mahali pa kazi, akakuta jiwe lililotoboka ajabu, akavaa mavazi yake rasmi, akaliinamia kwa heshima na kuliita kaka mkubwa.

Hilo lilimgusa. Akanyamaza kidogo, akipiga hesabu za ukoo. "Basi kama jiwe ni kaka yako," akasema, "ni kaka wa mke wangu pia. Kwa hiyo ni shemeji yangu." Toka siku hiyo kila tukifika Mtende huliamkia jabali kubwa kwa utani, hulidai mahari iliyozidi, na hulilaumu kwa kutokuja kumtazama alipoumwa. Watalii wanaopita huinua simu zao. Nadhani katika simu nyingi za Ulaya imo picha ya mtu mwenye mwavuli anayegombana na mwamba.

Juzi nimepigiwa simu na dalali ambaye namba yangu alipewa na dalali mwingine. Akaniambia analo eneo zuri Mtende, linatazama bahari, halina mgogoro, na wateja wako njiani kutoka nje. Akanitumia picha ili nisipoteze bahati. Nikaifungua. Ilikuwa picha yangu. Jabali langu, mwanga wangu wa pembeni, na upande wa kulia, mahali ambapo siku zote naambiwa pana upungufu, Shemeji amesimama na mwavuli kidevu juu.

"Picha hii umeipata wapi?" nikamuuliza.

"Nimepiga mwenyewe."

"Na huyu mtu wa pembeni?"

"Huyo ndiye mwenye eneo," akasema. "Mtu muungwana sana. Nimeshazungumza naye, ukiwa tayari atapunguza."

Nilimwendea Shemeji usiku uleule nimejaa hasira, nikamwonyesha. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akajitazama kwa kitambo, akaridhika. Kisha akaniuliza wanaliuza bei gani.